Kutoka Bawe hadi Mkongo wa Taifa: Historia ya Mtandao wa Mawasiliano Afrika Mashariki

Mtandao wa mawasiliano una sehemu mbili: njia zinazopitisha ujumbe, na vituo ambako njia hizo hukutana na ujumbe kuelekezwa upande unaotakiwa. Njia ndizo huonekana na kusifiwa, iwe waya, mnara au mkongo wa baharini. Lakini anayeshika kituo cha makutano ndiye huamua ujumbe upite wapi na kwa bei gani, na mara nyingine kama utapita au la. Ndiyo maana historia ya simu katika Afrika Mashariki, tangu 1879 hadi leo, hueleweka vizuri zaidi kwa kuuliza vituo hivyo vilikuwa wapi na vilikuwa vya nani.

Kabla ya waya, habari ilikwenda kwa mwendo wa chombo kilichoibeba. Barua ya mfanyabiashara wa Zanzibar kwenda Maskati ilisubiri upepo wa kusi uivushe, na jibu lake likasubiri kaskazi, hivyo barua moja na majibu yake zingeweza kumaliza mwaka. Meli za moshi zilifupisha safari, hasa baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, na kuanzia 1872 kampuni ya British India ilibeba barua kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Aden yenyewe ilikuwa imeunganishwa na Suez na Bombay kwa waya wa baharini tangu 1870. Kwa hiyo habari za Zanzibar zilisafiri kwa hatua mbili: siku nyingi ndani ya meli hadi Aden, kisha muda mfupi ndani ya waya hadi London. David Livingstone alifariki Mei 1873 karibu na Ziwa Bangweulu. Habari za kifo chake zilifika pwani kwa miguu ya watu wa msafara wake, na London hawakuzipata hadi Januari 1874.

Kilichouharakisha waya kufika pwani hii kilikuwa vita vya mbali. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu liliangamiza kikosi cha Waingereza huko Isandlwana. Serikali ya Uingereza ilipata habari tarehe 11 Februari, siku ishirini baadaye, kwa sababu Afrika Kusini haikuwa na waya wa kuiunganisha na Ulaya. Mwaka uleule ikaundwa kampuni ya Eastern and South African Telegraph, na kabla mwaka haujaisha waya ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Durban, kupitia Lourenço Marques (Maputo ya leo), kisiwa cha Msumbiji na Zanzibar, hadi Aden. Zanzibar ya Sultani Barghash ilipata waya kwa kuwa ilikuwa njiani, si kwa kuwa kuna mtu aliyeufikiria mji huo kwanza.

Moyo wa waya huo ulikuwa nyuzi za shaba zilizosokotwa pamoja. Juu yake ulivikwa gutapecha, utomvu wa miti ya Malaya ambao hauruhusu umeme kuvuja na ambao hudumu vizuri katika baridi ya chini ya bahari. Kisha zikazungushwa nyuzi za mmea na mwisho kabisa nyaya za chuma, nene zaidi karibu na ufuko ambako kuna miamba na nanga. Ufundi ulikuwa mkubwa, lakini tabia ya umeme ilileta tatizo lisilotatuliwa kwa chuma. Waya mrefu uliozungukwa na maji ya chumvi huhifadhi chaji ndani yake, hivyo mpigo mkali unaoingizwa upande mmoja hutoka upande wa pili umelegea na kutandazika. Mipigo ikifuatana haraka mno, huingiliana na hakuna awezaye kuisoma. Hapo ndipo wahandisi walipojifunza jambo ambalo bado linatawala kila mtandao: kila njia ina kikomo cha kiasi cha habari inachoweza kupitisha kwa sekunde, na kikomo hicho hutokana na maumbile ya njia yenyewe, wala hakiondolewi kwa kusukuma umeme kwa nguvu zaidi.

Mwanafizikia William Thomson alitengeneza vyombo vya kusoma mipigo hiyo dhaifu. Kimoja kilikuwa na mrija mwembamba wa kioo uliojaa wino, ulioshikamana na koili ndogo iliyoning'inia katikati ya sumaku. Umeme wa upande mmoja uliusukuma mrija kushoto, wa upande mwingine kulia, na chini yake utepe wa karatasi ulipita polepole. Karani hakusikia mlio wala kuona nukta na vistari. Alisoma mstari wa wino wenye vilima na mabonde, kilima kikiwa nukta na bonde likiwa kistari. Kazi hiyo ilihitaji jicho lililozoea, kwa kuwa herufi zilizofuatana zilishikana kama mwandiko wa mtu mwenye haraka.

Telegramu ya Zanzibar kwenda London haikupita moja kwa moja. Aden karani aliusoma utepe, akaupiga upya ujumbe kwenye waya wa Suez. Kutoka Misri ukaendelea hivyohivyo kwa Malta na Gibraltar, hadi Porthcurno kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Kila kituo kilipokea, kikahifadhi, kisha kikapeleka mbele pale waya ulipokuwa wazi. Telegramu za serikali zilitangulizwa, za wafanyabiashara zikasubiri. Malipo yalikuwa kwa neno, na maneno yalikuwa ghali, ndiyo maana nyumba za biashara zilinunua vitabu vya mafumbo ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima kuhusu bei ya karafuu au tarehe ya meli. Hii ni mbinu ileile ya kubana ujumbe inayotumiwa na simu za leo kupitisha picha na sauti katika nafasi ndogo.

Zanzibar ikawa kituo cha makutano. Kampuni iliweka kituo chake kwenye kisiwa kidogo cha Bawe, mkabala na Mji Mkongwe, na baadaye jengo lake Shangani likawa mojawapo ya majengo yanayojulikana sana mjini. Leo ni hoteli. Mwaka 1890 nyaya ziliongezwa kwenda Mombasa, na kwenda Bagamoyo na Dar es Salaam. Mwaka 1893 ukafuata wa Shelisheli na Morisi.

Uzito wa kituo hicho ulionekana Agosti 1896. Tarehe 25 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kwenye jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Mwakilishi wao, Basil Cave, alikuwa na manowari bandarini lakini hakuwa na ruhusa ya kufyatua hata risasi moja. Miaka ishirini nyuma, ruhusa hiyo ingemlazimu kungoja meli iende na kurudi, na ndani ya muda huo lolote lingeweza kutokea: mazungumzo, usuluhishi, au watu kumzoea mtawala mpya. Sasa aliandika telegramu kwa waziri mkuu, Lord Salisbury, na jibu la kumpa mamlaka likafika upesi. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu na dakika chache, mizinga ilianza. Haikupita saa moja jumba lilikuwa limebomoka, watu mamia wamekufa au kujeruhiwa, na Khalid amekimbilia ubalozi wa Ujerumani. Vita hivyo hutajwa mara nyingi kwa ufupi wake, na mizinga hupewa sifa yote. Ni haki waya nao utajwe, kwa kuwa ndio uliowezesha London kuamua jambo la Zanzibar huku moto ukiwa bado haujawaka.

Wajerumani walilijua jambo hili kwa upande wa maumivu. Koloni lao lilijengewa nyaya za nchi kavu kufuata pwani na kuingia bara, lakini ujumbe wa kwenda Berlin ulitegemea waya wa baharini uliopita Zanzibar, yaani mikononi mwa kampuni ya Kiingereza. Simu ya upepo iliwapa matumaini. Guglielmo Marconi alikuwa amevusha mawimbi ya redio juu ya Atlantiki mwaka 1901, na mawimbi hayahitaji kituo cha adui njiani. Wakajenga mnara Dar es Salaam. Vita vilipoanza, manowari ya Uingereza iitwayo Astraea ilifika tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa, na shabaha yake ilikuwa mnara huo. Njia ya hewani haikatwi, lakini kituo chake husimama mahali panapojulikana.

Bara, waya ulifuata reli. Kazi ya kujenga reli kutoka Mombasa, iliyofika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilikwenda pamoja na nguzo za telegrafu, kwa sababu treni zinazotumia njia moja ya reli haziwezi kupishana salama bila stesheni kuarifiana. Nguzo hizo zilipita katika ardhi za watu ambao hawakuulizwa. Wanandi, waliopigana na utawala wa Waingereza hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905, walikata nyaya mara kwa mara. Maofisa waliandika kuwa ni wizi wa shaba kwa ajili ya mapambo. Huenda mapambo yalikuwemo, lakini watu waliokuwa vitani waliona vizuri kwamba waya uliokatwa huwanyima adui zao msaada.

Telegrafu ilihitaji karani kila upande. Simu ya sauti, aliyoipatia hataza Alexander Graham Bell mwaka 1876, iliondoa karani lakini ikaleta shida ya hesabu. Watu 100 wakitaka kila mmoja awe na waya wake hadi kwa kila mwenzake, zitahitajika njia 4,950. Wakipeleka kila mmoja waya mmoja hadi kituo kimoja cha katikati, zitatosha njia 100. Kituo hicho ndicho kilichozaa mtandao wa simu. Opereta alikaa mbele ya ubao wenye matundu, kila tundu la mteja mmoja. Mteja akiita, kifuniko kidogo kilianguka juu ya tundu lake. Opereta alichomeka ncha moja ya kamba, akauliza namba, akachomeka ncha ya pili kwenye tundu la anayetafutwa, akapiga kengele. Tangu hapo shaba iliunganika bila kukatika kutoka mdomo wa mmoja hadi sikio la mwingine, na ikabaki yao wawili hadi wamalize, wakiongea au wakinyamaza.

Mtindo huo wa kuwatengea wawili njia nzima ulitawala simu kwa karibu miaka 100. Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City, alimwondoa opereta kwa mashine iliyosajiliwa mwaka 1891. Husimuliwa kwamba aliamini opereta wa mji wake alikuwa akiwapeleka wateja wake kwa mshindani. Mashine yake ilifuata mipigo ya namba: tarakimu ya kwanza ilipandisha mkono wa chuma ngazi kadhaa, ya pili ikauzungusha hadi kwenye mguso unaotakiwa. Namba ya simu ikageuka kuwa maelekezo ya njia, kila tarakimu ikichagua upande. Mantiki hiyo ipo hadi sasa. Mtu anayepiga +255 ameomba kwanza Tanzania, na tarakimu zinazofuata hupunguza eneo la utafutaji hadi ibaki laini moja.

Hakuna kituo kinachojengwa ili wateja wote waongee kwa pamoja, kwa kuwa gharama haingewezekana. Kuanzia mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha namna ya kukadiria idadi ya njia zinazotosha ikiwa simu huja kwa bahati na kila moja huchukua muda fulani. Tangu hapo mitandao yote hujengwa kwa dhana kwamba wengi wamenyamaza. Usiku wa kuamkia Idi au mwaka mpya dhana hiyo huvunjika, na simu hukataa kutoka hata kama mnara uko karibu na betri imejaa.

Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganisha huduma zao za posta na simu mwaka 1933. Wakati huo lilikuwa jambo la kupunguza gharama za wakoloni, lakini matokeo yake yalidumu: nchi tatu zilikuwa na mtandao mmoja, wenye njia za moja kwa moja kati ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Katika sehemu kubwa ya Afrika hali haikuwa hivyo. Simu ya kutoka mji mkuu mmoja kwenda wa jirani mara nyingi ilipanda hadi London au Paris na kushuka tena, kwa sababu makutano yalikuwa kule na mapato yake yakabaki kule. Shirika la pamoja la Posta na Simu lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, kila nchi ikabaki na lake. Alama moja haikufutika: hadi leo mtu wa Tanzania hupiga 005 kuingia Kenya na 006 kuingia Uganda, na wenzake humwita kwa 007, bila kupitia namba ndefu za kimataifa.

Kwa nje ya eneo, mlango mpya ulikuwa angani. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa, kikitazama setilaiti ya Intelsat juu ya Bahari ya Hindi. Setilaiti ya aina hiyo huwekwa kilomita 35,786 juu ya ikweta, umbali ambapo huzunguka sambamba na dunia na kuonekana kama imesimama. Faida yake ni kwamba sahani moja hufikia theluthi ya dunia bila waya. Hasara yake ni umbali wenyewe. Sauti hupanda na kushuka zaidi ya kilomita 71,000, safari ya karibu robo sekunde hata kwa mwendo wa mwanga, na jibu huchukua robo nyingine. Wengi waliozungumza na ndugu Ulaya au Uarabuni miaka ile wanakumbuka jinsi pande mbili zilivyoingiliana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Wakati huo sauti yenyewe ilikuwa inabadilishwa umbo. Mhandisi Mwingereza Alec Reeves alibuni mwaka 1937 njia ya kuigeuza sauti kuwa namba, lakini vifaa vya bei nafuu vya kuifanya kazi hiyo havikupatikana hadi baada ya transista. Sauti ya simu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu nane za sifuri na moja, jumla tarakimu 64,000 kila sekunde. Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mawimbi ya kawaida yakikuzwa njiani, kelele nazo hukuzwa, na kila kituo huongeza uchafu juu ya uchafu. Namba hazina shida hiyo: kituo kinatakiwa kutambua tu kama kilichofika ni sifuri au moja, kisha hukiandika upya kikiwa safi. Kwa kuwa kila kitu kimekuwa namba, waya hautofautishi tena sauti, maandishi, picha na fedha.

Hata hivyo, hadi miaka ya 1990 simu ilikuwa ya wachache. Maombi ya simu ya mezani yalikaa ofisini kwa miaka, na Kenya, yenye watu karibu milioni 30 mwaka 2000, ilikuwa na laini za mezani ambazo hazikufika laki nne. Ugumu ulikuwa kwenye kipande cha mwisho cha waya, kutoka kituoni hadi nyumbani, ambacho hugharimu sana na hutumika kidogo. Simu ya mkononi ilikiondoa kipande hicho. Tanzania ilianza kuipata mwaka 1994 kupitia Mobitel, Uganda mwaka 1995, na kufikia 2000 kampuni zilikuwa zinashindana katika nchi zote tatu, zikiuza muda wa maongezi kwa vocha.

Siri ya simu ya mkononi ni kurudia masafa. Masafa ya redio ni machache, na mnara mmoja mrefu wenye nguvu ungeyamaliza kwa mazungumzo machache katika mji mzima. Badala yake eneo hukatwa vipande vidogo, kila kipande na mnara wake wa nguvu kidogo, na masafa yaliyotumika kwenye kipande kimoja hutumika tena vipande vichache mbele bila kuingiliana. Katika mfumo wa GSM, ulioanza Finland mwaka 1991, kila mkondo wa redio hugawanywa tena katika zamu nane, na simu nane hupokezana haraka kiasi kwamba hakuna anayesikia mkato.

Abiria aliye kwenye basi la kutoka Tanga kwenda Moshi, akizungumza, hupita minara mingi bila kujua. Simu yake hupima kila mara nguvu ya mawimbi ya minara ya jirani na kuutaarifu mtandao. Mnara wa Korogwe unapofifia na wa mbele yake kupata nguvu, mtandao huandaa nafasi kwenye mnara mpya, huiamuru simu ibadilishe masafa, kisha huachia nafasi ya zamani, yote katika sehemu ndogo ya sekunde. Na hata asipozungumza, simu yake hujitambulisha inapoingia eneo jipya. Taarifa hiyo huandikwa kwenye rejista kuu ya kampuni, na ndiyo inayoulizwa mtu wa Mwanza anapompigia. Simu haimtafuti mteja nchi nzima. Huuliza rejista, huambiwa eneo, kisha minara ya eneo hilo tu ndiyo huita. Hivyo kituo cha makutano kikawa pia daftari la mahali kila mwenye simu alipo, jambo linalostahili kufikiriwa kwa uzito kuliko linavyofikiriwa.

Ujumbe mfupi ulitumia nafasi iliyokuwepo tayari. Mitandao ya simu ina njia ya pembeni ya kuelekezana yenyewe: nani anaita, nani amepatikana, nani amekata. Njia hiyo mara nyingi huwa tupu, na ujumbe wa herufi 160 uliingizwa humo. M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, ilipita njia hiyo hiyo, ndiyo maana ilifanya kazi kwenye simu za bei ndogo kabisa. Lakini seva zake zilikuwa Ulaya. Hadi mifumo ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015, fedha za mama wa Kibera kwenda kwa wakala wa barabara ya pili ziliandikwa daftarini Ulaya kwanza.

Intaneti ilikuja na hesabu tofauti. Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba kuwatengea wawili njia nzima ni upotevu mkubwa kwa kompyuta, ambazo hutuma kwa vishindo na kunyamaza. Wazo lao lilikuwa kukata ujumbe vipande, kila kipande kiandikwe anwani ya kinakokwenda na namba yake ya mfuatano, kisha viachwe vishindanie nafasi njiani pamoja na vya wengine. Kila kituo, ambacho huitwa ruta, hupokea pakiti, husoma anwani, na kuipeleka kwa jirani anayeonekana kuwa karibu zaidi na mwisho wa safari. Pakiti ikipotea, hutumwa upya. Njia moja ikikatika, ruta huchagua nyingine. Kwa namna fulani ni kazi ya karani wa Aden, isipokuwa sasa hufanywa mara mamilioni kwa sekunde. Kompyuta za kwanza za mtandao uliozaa intaneti ziliunganishwa California tarehe 29 Oktoba 1969, na itifaki zinazotumika sasa zilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1983.

Ruta huchagua njia kati ya zilizopo, na hapo Afrika Mashariki iliumia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni za intaneti za Nairobi hazikuunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ilikuwa na kiungo chake cha setilaiti kwenda Marekani au Ulaya, hivyo barua pepe ya kutoka ofisi moja kwenda ya ng'ambo ya barabara ilivuka bahari mara mbili, kwa malipo ya dola. Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua kituo cha kubadilishana, KIXP: chumba chenye swichi moja ambapo kila kampuni huleta waya wake na kupokea pakiti za wenzake bila kutoka nje ya mji. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na baada ya wiki mbili kituo kikafungwa kwa amri ya mdhibiti. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya kupewa leseni. Katika historia yote ya mawasiliano ya eneo hili, hakuna kifaa kidogo kama kile kilichobadilisha mengi kwa bei ndogo kama ile.

Kiungo cha nje kilibaki setilaiti hadi 2009. Msingi wa badala yake ulikuwa umewekwa mwaka 1966, Charles Kao aliposema kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitaweza kupitisha mwanga kwa umbali wa maana. Uzi wa kioo mwembamba kama unywele huubana mwanga ndani yake kwa kuurudisha kila unapogusa ukingo, na rangi nyingi za mwanga huweza kupita pamoja, kila rangi na mzigo wake. Chini ya bahari vikuza mwanga huwekwa kila baada ya makumi ya kilomita na kulishwa umeme kutoka ufukoni. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukigusa Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya. Mwaka huohuo TEAMS uliiunganisha Mombasa na Fujairah ya Falme za Kiarabu, na mwaka 2010 ukafuata EASSy kati ya Afrika Kusini na Sudan. Mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya Mombasa hadi Fujairah ni takriban sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Bei za jumla zilishuka, na Mkongo wa Taifa wa Tanzania pamoja na njia za nchi kavu za Kenya zikaufikisha uwezo huo Kampala, Kigali, Bujumbura na mashariki mwa Kongo.

Mikongo hii ni dhaifu kwa namna ileile ya 1879. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa na kuukata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa siku moja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ikalegea. Kupata mahali palipokatika si kazi ngumu: mafundi hutuma mwanga kutoka ufukoni na kupima muda unaochukua kurudi. Kazi iko baharini. Meli huburuta ndoano sakafuni, huinua ncha moja na kuiacha ikining'inia kwenye boya, hutafuta ya pili, kisha mafundi huunganisha kioo kwa kioo kwa joto, uzi baada ya uzi, na kuongeza kipande kipya kwa kuwa ncha hazifiki tena.

Siku zile za Mei 2024 simu za kawaida ndani ya nchi ziliendelea, kwa sababu swichi na rejista zake ziko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala na hazipitii baharini. Kurasa na video ambazo nakala zake huhifadhiwa kwenye seva za vituo vya kubadilishana vya hapa zilikuwa na nafasi ya kufunguka bila kuvuka bahari. Kilicholemewa ni kile kilichopaswa kwenda kutafutwa nje: mifumo ya kazi iliyowekwa kwenye seva za Ulaya, mikutano ya video, na pakiti zilizobanana kwenye mikongo iliyobaki mizima zikingoja zamu.